The Ten Commandments (1956): uzoefu wangu na dakika 220 za Musa na Farao

Kabla ya yote, hakikisha una nakala kamili. Filamu hii ya Cecil B. DeMille ina dakika 220, bila kuhesabu muziki wa mwanzo na wa mapumziko. Ukisikia ala zikipigwa na hakuna mtu anayeonekana, usidhani imekwama. Huo ni utangulizi wa Elmer Bernstein, mtunzi wa muziki wa filamu hii. Kisha DeMille mwenyewe, mwongozaji, anatokea mbele ya pazia na kuzungumza na watazamaji.

Ilipigwa kwa VistaVision: filamu ya milimita 35 hupita kwenye kamera kwa ubavu, kila picha ikapata nafasi kubwa zaidi. Ndiyo maana nakala iliyosafishwa inaonyesha hadi nyuzi za mavazi. Kwenye TV, zima mpangilio wa kulainisha mwendo, na usivute picha ijaze kioo, maana utakata watu pembeni.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote si bahari, ni Waisraeli wakitoka mjini. Lango lile lilijengwa kweli nje ya Cairo, na wale ni maelfu ya watu halisi na mifugo yao, vumbi na yote. Hakuna kompyuta inayokupa uzito ule.

Bahari ya Shamu nayo ilipatikana kwa kumwaga maji kwenye tangi kubwa, kisha picha ikachezwa kinyumenyume. Ukiangalia kwa makini, hasa kwenye nakala za zamani, utaona ukingo wa buluu kuzunguka waigizaji, kwa sababu walipigwa mbele ya kitambaa cha buluu wakaunganishwa na picha nyingine. Tuzo ya Oscar ya madoido waliistahili kabisa.

Udhaifu upo ikulu. Mapenzi ya Musa na Nefretiri, binti wa kifalme wa Misri, hayamo katika Biblia, na yanarefusha nusu ya kwanza kupita kiasi. Charlton Heston, anayecheza Musa, ni imara, lakini Yul Brynner ndiye anayeibeba ikulu: Farao wake anaogopesha hata akiwa kimya. Wasomaji wa Biblia wajue pia kwamba Dathani, anayemezwa na ardhi katika Hesabu 16, hapa amehamishiwa kwenye ndama wa dhahabu, na mapigo kadhaa, wakiwemo vyura, hayaonyeshwi.

Mkitazama na watoto, gaweni siku mbili kwenye mapumziko, baada ya kijiti kinachowaka. Mapigo, bahari na ndama vyote viko sehemu ya pili.