Uzoefu wangu na vitabu vya watu wa ndani ya serikali

Wanaoniuliza kama vitabu vya watu waliofanya kazi ndani ya serikali zetu za Kenya vinafaa pesa, jibu langu ni kwamba vinafaa, na ningevinunua tena. Ila msivinunue kwa ajili ya umbea. Umbea uliomo magazeti yalishautoa wote. Kilichonilipa mimi ni zile kurasa ambazo wengi huziruka: barua ilitoka meza ipi, nani aliikalia, nani aliitwa mkutanoni na nani akaachwa kwenye korido. Nimefanya kazi ya masjala, kule faili zinakotunzwa, miaka mingi katika ofisi moja hapa mjini, na ukitaka kuijua serikali, fuata faili.

Nilikaa zaidi na Peeling Back the Mask cha Miguna Miguna, kilichotoka Julai 2012. Miguna alikuwa mshauri wa Waziri Mkuu Raila Odinga kuhusu mambo ya serikali ya mseto. Akasimamishwa kazi Agosti 2011, na kabla ya mwaka mmoja kupita kitabu kikawa kimezinduliwa hapa Nairobi, sehemu zake zikichapishwa gazetini. Siku hizo watu walikuwa wakikibishania ndani ya matatu hata kabla ya kukiona kwa macho.

Ili ukifaidi, lazima uikumbuke serikali ya nusu mkate ilivyokuwa, ile ya mseto ya Rais Kibaki na Raila. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa msuluhishi, baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na maelfu kwa maelfu kufukuzwa makwao. Mawaziri wakafika 40. Kila upande ukawa na wanasheria wake, washauri wake na orodha yake ya watu wa kupewa vyeo. Aprili 2009 pande zote mbili zilikwenda Kilaguni, kule Tsavo, kutafuta mwafaka, zikarudi bila kukubaliana hata ajenda. Februari 2010 Raila aliwasimamisha kazi mawaziri wawili kwa miezi mitatu, na siku hiyohiyo Rais Kibaki akasema hatua hiyo haina nguvu. Sisi raia tulisikia matangazo mawili yanayopingana katika taarifa ya habari moja, tukabaki kuulizana ni nani hasa anatawala. Ndiyo maana nilikitaka kitabu cha mtu aliyekuwa akikaa katika ofisi moja kati ya hizo mbili. Nilitaka kujua maneno kama hayo huandikwa na nani, na huyo mwandishi analala usingizi gani usiku ule.

Kwa hilo kitabu hakikuniangusha. Unaona washauri wakigombania kumfikia bosi, unaona ushauri ukitolewa kwa maandishi kisha ukapotelea kusikojulikana. Sehemu iliyonigusa kuliko zote iko mbali kabisa na ofisi ya Waziri Mkuu: utoto wake huko Nyando, Kisumu, kisha uongozi wa wanafunzi Chuo Kikuu cha Nairobi, kukamatwa mwaka 1987 na kukimbilia uhamishoni hadi Kanada. Hapo mwandishi hana wa kushindana naye, na sentensi zake zinatulia.

Ukali wake ndio ulionichosha. Karibu katika kila mzozo yeye ndiye mwenye haki na wengine ndio waliokosea. Kufikia katikati nilikuwa nimeanza kuandika kwa penseli pembeni, "Na wewe siku hiyo ulifanya nini?" Kurasa zilizofuatana zina swali hilohilo. Mtu aliyekaa ndani miaka kadhaa, akala mshahara, akaandika taarifa za kuitetea ofisi, ana deni kwa msomaji: atueleze sahihi zake mwenyewe kabla hajafika kwenye sahihi za wenzake. Mimi sasa kila kitabu cha aina hii nakipima kwa kipimo hicho, nacho kinanisaidia kuliko kuuliza mwandishi ni wa mrengo upi.

Raila naye alitoa The Flame of Freedom mwaka 2013. Alipofariki Oktoba 2025 nilivitoa vyote viwili kabatini nikavisoma kwa zamu, mwaka kwa mwaka, nikiweka kikaratasi kila tukio lilipokuwa na masimulizi mawili. Nawasihi wasomaji wafanye hivyo. Kusoma kimoja peke yake ni kukubali kushikwa mkono na mtu mwenye kesi. Halafu ziwekeni kando yavyo ripoti ya tume ya Waki kuhusu ghasia na ile ya Kriegler kuhusu uchaguzi, zote za mwaka 2008. Lugha yake ni kavu, lakini tarehe zake ndizo zinazokuokoa pale watu wawili wanapokumbuka jambo lilelile kwa njia mbili.

Hata hivyo ninachokipa nafasi ya kwanza hakikuandikwa na mtu wa ndani. It's Our Turn to Eat cha mwanahabari Michela Wrong, cha mwaka 2009, kinamhusu John Githongo, aliyeteuliwa na Kibaki mwanzoni mwa 2003 kusimamia vita dhidi ya ufisadi, akapewa ofisi ndani ya Ikulu. Februari 2005 akajiuzulu akiwa London. Kiini chake ni mikataba ya Anglo Leasing, zabuni za serikali zilizopewa kampuni hewa. Mradi wa pasipoti peke yake ulitosha kunikosesha raha: kampuni ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya yuro milioni 6, kazi ikaishia kwa Anglo Leasing kwa yuro milioni 30. Na huo ulikuwa mmoja tu kati ya mikataba 18.

Naona kinawashinda wengine kwa sababu Githongo aliweka kumbukumbu. Aliwarekodi wenzake kwa siri, na akaandika madaftari. Halafu kuna mtu wa tatu, mwandishi, ambaye haogopi kumhoji shujaa wake mwenyewe. Huyu Githongo, kijana wa familia yenye jina, aliyeamini wazee wale ni watu wema, unaona imani yake ikimtoka kidogokidogo kazini, na inauma kusoma. Kilipotoka, maduka mengi ya Nairobi yaliogopa kukiweka rafuni kwa hofu ya kushtakiwa, kikapita kwa makanisa na mashirika ya kiraia, na nakala nyingine kwa barua pepe. Taifa lililokuwa limeimba "yote yawezekana" wakati wa uchaguzi wa mwaka 2002 likawa linasomea habari zake kichinichini.

Cha Joe Khamisi, The Politics of Betrayal, cha 2011, nakitaja kwa ufupi. Alikuwa mbunge wa Bahari, na anaeleza jinsi ndoa ya NARC, muungano wa vyama uliomwingiza Kibaki madarakani, ilivyovunjika kwa macho ya mtu wa Pwani, jambo ambalo vitabu vya Nairobi husahau.

Linaloniuma ni kwamba vyote hivi nimevisoma kwa Kiingereza. Jirani yangu ni dereva mstaafu wa serikali, mzee anayependa habari hizi kuliko mimi, na jioni humsimulia sura baada ya sura. Nilipofika Novemba 2005, Kibaki alipovunja baraza zima la mawaziri siku mbili baada ya kushindwa kwenye kura ya maoni, alinikatiza. "Mwanangu, sisi madereva hatukungoja redio. Ukiona funguo za gari zimeitishwa, ujue bosi hana kazi." Hiyo haimo katika kitabu chochote nilichosoma. Wako madereva, makarani, wapishi wa Ikulu na askari wa lango waliohudumia marais watatu au wanne, na hakuna aliyewapelekea kalamu. Wachapishaji wetu wakiamka, wako tayari kusimulia, na kwa Kiswahili kitamu.

Kuhusu kununua: maduka makubwa ya vitabu katikati ya mji huwa na cha Raila, na mara nyingine cha Wrong. Vingine nilivipata kwa wauzaji wanaopanga vitabu chini barabarani, na huko fungueni macho. Nakala yangu ya kwanza ya Peeling Back the Mask ilikuwa ya kunakiliwa na mashine. Karatasi ilikuwa ya kijivu, gundi imeachia mgongoni, na sura moja ilirudiwa mara mbili huku inayofuata haipo kabisa. Muuzaji alikataa kuirudisha. Siku hizi kabla ya kulipa nafungua katikati, nafuata nambari za kurasa, naangalia kama herufi zimefifia upande mmoja. Cha asili ni ghali zaidi lakini ndicho chenye faharasa kamili nyuma, na kwa vitabu vya aina hii ndiko ninakoanzia, kutafuta majina. Cha Khamisi ndicho kigumu kupatikana. Ukikikuta, usingoje mwisho wa mwezi.