Simu Zinazokosa Mpokeaji Ofisini: Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha

Msimu wa korosho ukifunguka, simu za wakili, mhasibu au wakala wa forodha Mtwara huita mfululizo, nyingi wakati mwenyewe yuko mahakamani au bandarini. Mteja wa Tandahimba asipopokelewa, anapiga namba inayofuata. Wengine wanabipu tu, wakingoja wapigiwe. Tumezipanga njia kwa kipimo kimoja: nani anamrudia mteja ndani ya dakika tano, na kwa gharama gani.

1. Kuelekeza simu kwa karani

Anza hapa hata kama una pesa. Kwenye laini ya ofisi piga **61*, namba ya karani kuanzia +255, kisha **20#. Simu isipopokelewa ndani ya sekunde 20 inahamia kwake. Muda huwekwa kwa hatua za tano, kuanzia 5 hadi 30. Ya laini iliyo bize ni **67*, ya simu iliyozimika au isiyo na mtandao ni **62*, zote zikifuatwa na namba ya karani kisha # tu. Kufuta yote: ##002#.

Kipande cha pili cha simu, kutoka laini ya ofisi hadi kwa karani, hukatwa kwenye salio lako, si la mteja, kwa hiyo jaribu kwanza uone kama kifurushi chako kinakilipia. Usielekeze kwenye laini ya pili ya simu hiyohiyo. Chaji ikiisha, zote mbili zimekufa.

2. Simu ya Android inayojibu kwa SMS

Ndiyo inayostahili pesa yako ya kwanza: programu ndani yake humtumia SMS yenyewe mteja ambaye simu yake haikupokelewa. Nunua Android ya bei ya chini. iPhone haiziruhusu programu za nje kutuma SMS zenyewe. Iweke kwa karani, si kwako. Ikikaa kwako, mteja aliyekwisha kuongea na karani bado ataonekana kama hakupokelewa, na atatumiwa "tumeona simu yako" dakika mbili baada ya kukata. Ikiwa kwa karani, SMS inamfikia yule tu ambaye nyote wawili mmemkosa.

Chagua programu yenye vitu vitatu: SMS moja kwa namba moja ndani ya saa 24 (anayebipu mara sita asipate sita), kuruka namba ulizohifadhi, na kujibu zinazoanza na 06 au 07 pekee. Kisha ingia kwenye mipangilio ya betri uiondolee kizuizi. Simu za bei ya chini huzima programu zinazofanya kazi bila kufunguliwa kwenye skrini ili kuokoa chaji, nawe utadhani inafanya kazi. Kosa la pili ni kifurushi cha SMS kuisha usiku bila mtu kujua.

Google Play inazibana programu zinazoomba ruhusa ya SMS na orodha ya simu, hivyo utashawishiwa kupakua APK (faili la programu) ya mtaani, isiyopitia Google Play. Kwa simu yenye siri za wateja, usithubutu.

Ujumbe usizidi herufi 160. Emoji moja tu hushusha kikomo hadi 70, na unalipia SMS mbili au tatu. Mfano:

"Habari. Hapa ofisi ya upimaji ardhi, Lindi. Tumeona simu yako, tutakupigia kabla ya saa 10 jioni. Tafadhali tuma jina, kijiji na shida yako kwa ufupi."

Mawakili wasiongeze sifa wala ofa. Kanuni za maadili zinabana kujitangaza.

3. Mfumo wa simu wa intaneti

Unafaa ofisi yenye watu watano na zaidi, au inayotaka namba ya mezani ya 023. Ruta na swichi ya mtandao zikae kwenye UPS (betri ya akiba), la sivyo umeme ukikatika ofisi nzima inanyamaza. SMS zikitoka kwa jina la ofisi (mwisho herufi 11), mteja hawezi kuzijibu, hivyo andika namba ndani ya ujumbe. Mfumo ukirekodi mazungumzo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

4. WhatsApp Business peke yake

Ni bure na nzuri, ila ujumbe wake wa "hatupo" humjibu aliyeandika, si aliyepiga simu ya kawaida. Mzee wa Newala mwenye kitochi hauoni kabisa.

5. Roboti wa sauti

Acha kwa sasa. Mteja anayetaka kueleza mgogoro wa shamba akisikia mashine, anakata.