Kanda za marehemu baba na programu ya Audacity: uzoefu wangu

Baba alipiga udi, ile ala ya nyuzi, barazani kwetu Tanga, usiku baada ya isha, redio kaseti ikiwa juu ya kigoda mbele yake inarekodi. Alituachia kanda 4 za dakika 60, zote za miaka ya 1980. Mwaka jana nilizipeleka studio moja. Walichonirudishia hakikuwa na mchakacho hata chembe, lakini udi ulisikika kama unapigwa ndani ya pipa la maji. Niliumia sana. Nikazichukua kanda nikaanza kazi mwenyewe kwa Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti.

Kwanza nimwambie yeyote mwenye kanda ndani: kazi kubwa iko kwenye redio kaseti, kompyuta inafuata. Kile kichwa kinachosoma utepe nilikisugua kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka na rangi ya kahawia kama imechovywa kwenye chai. Kisha pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo. Nilizungusha polepole kwa bisibisi, kanda ikicheza, nikisikiliza ukucha wa baba unavyogusa waya. Kuna mahali, hata robo ya mzunguko haifiki, sauti ilifunguka ghafla. Hakuna programu itakayokurudishia kitu hicho kama hukukinasa mwanzoni.

Nikaunganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kompyuta, nikaacha vilele vya sauti vifike karibu na desibeli -6 (0 ndiyo mwisho) ili visipasuke, na nakala ghafi nikaiweka kando bila kuigusa.

Kupunguza mchakacho ni rahisi: unachagua sekunde mbili za kabla hajaanza kupiga, programu inajifunza ule mchakacho mtupu, halafu inaupunguza kote. Nilijaribu desibeli 24, nikasikia pipa lilelile la studio. Nikashuka hadi 6. Mchakacho bado upo kwa mbali, na pumzi ya baba kabla ya kuanza kuimba ipo pia. Hapo nikaacha. Kanda moja iliyorekodiwa kwa umeme ilikuwa na mvumo. Mvumo wa umeme wetu hukaa kwenye Hezi 50 na mafungu yake, 100 na 150. Nilikata 50 na 150 kwa wembamba kabisa, 100 nikaiacha kwa sababu nyuzi nene za udi zinakaa jirani nayo.

Kilichonishinda kukitambua mwenyewe ni kanda ya pili. Nilimchezea mama, akasikiliza kidogo akatikisa kichwa: "Huyo si baba yako, mwanangu. Baba yako hakuwa na sauti nyembamba hivyo." Nikakumbuka kwamba nyakati zile redio ilitumia betri. Betri zikichoka mota huzunguka taratibu, na kanda ikichezwa baadaye kwa mwendo wa kawaida, sauti hukimbia na kupanda. Nilipunguza kasi asilimia moja moja. Kwenye 4 mama aliweka kikombe chini, akaanza kuitikia kibwagizo.

Kwa kazi hii naipa Audacity alama zote, mradi usiwe na haraka. Kila kanda ilinichukua jioni mbili au tatu. Ya nne bado. Utepe umekunjamana karibu na mwanzo, na ganda limepasuka. Natafuta kanda tupu yenye ganda linalofungwa kwa skrubu nihamishie utepe humo kabla sijathubutu kuicheza.