PS2 haisomi CD: itengenezwe au utafute nyingine?

Tangu likizo ya Desemba ianze, ujumbe ninaoupata kuhusu PS2, ile PlayStation 2 ya Sony ya kuchezea magemu, unafanana: "Dada, nimenunua PS2 used, dukani ilicheza vizuri, nyumbani haisomi CD." Mama mmoja wa Mbagala ndiye aliyeniumiza zaidi. Alitoa hela ya kikoba kumnunulia mwanawe, akaonyeshwa gemu la mpira likichezwa, akalipa. Kumbe gemu lile lilikuwa kwenye fleshi iliyochomekwa kwa mbele, na lensi, kijicho cha ndani kinachosoma CD, ilishakufa zamani. Aliporudi akaonyeshwa mstari wa chini wa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo leo siongelei rangi wala idadi ya padi. Hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Naongelea lensi, maana ndiyo inayoua mashine hizi na hakuna anayeiulizia.

PS2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na Sony wakaacha kuitengeneza 2013. Hata iliyo changa kuliko zote imeshavuka miaka kumi. Ongeza kwamba CD nyingi tunazocheza huku ni za kuchoma, zinarudisha mwanga hafifu kuliko orijino, kwa hiyo lensi inahangaika kila siku. Halafu kuna hila moja inayonikera sana. Pembeni mwa lensi ya PS2 kubwa, yaani ile ya mwanzo, kuna viskrubu viwili vidogo vya kurekebisha nguvu ya mwanga, kimoja cha CD na kingine cha DVD. Fundi asiye mwaminifu akivizungusha, lensi iliyo mahututi inaamka. Inasoma vizuri mbele ya mteja, inasoma kwa muda nyumbani, kisha inakufa moja kwa moja. Wewe unadhani mtoto kaiharibu.

Namba moja kwangu ni kutengeneza uliyonayo. Kama taa inawaka na picha inakuja ila CD ndiyo haisomwi, usikimbilie kununua mashine ya mtu mwingine yenye ugonjwa uleule. Mwambie fundi aanze na usafi: pamba na spiriti kwenye lensi, kisha grisi mpya kwenye reli inayopitia, kwa sababu mara nyingine ni vumbi tu. Ikishindikana, badilisha lensi. PS2 kubwa nyingi zinatumia KHS-400B au KHS-400C. Namba imeandikwa kwenye lensi yenyewe, kwa hiyo simama pale fundi anapofungua, uisome, na inayowekwa ifanane na iliyotoka. Usikubali lensi iliyong'olewa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Kama haiwaki kabisa, geuza usome lebo ya nyuma. PS2 kubwa za Marekani zimeandikwa 120V, na umeme wetu wa 230V unaziunguza ukichomeka bila transfoma.

Namba mbili ni PS2 ndogo, iliyotoka 2004. Mimi ni mtu wa Sony na sifichi: vipuri vyake vinapatikana Kariakoo bila kuagiza, na kila fundi wa deki ameshaifungua. Kati ya hizi ndogo nachagua zenye adapta ya nje, kuanzia modeli SCPH-70000 hadi 79000. Umeme ukiruka, kinachotangulia kuungua ni adapta, na adapta inabadilishwa. SCPH-90000 ina pawa ndani, ukiruka inabidi mashine ifunguliwe.

Namna ya kuijaribu dukani ni hii. Chomoa fleshi, toa na memori kadi. Nenda na CD zako mbili za orijino: moja yenye upande wa chini wa buluu, hiyo ndiyo CD yenyewe, na nyingine ya rangi ya fedha, hiyo ni DVD. Mashine inasoma kila moja kwa mwanga wake, na inaweza kusoma DVD huku CD ya buluu ikigoma kabisa. Muuzaji akikupa ya kwake, mshukuru na utumie yako. Weka, funga kifuniko, usikilize. Lensi nzima inapanda na kushuka mara moja, CD inashika kasi, nembo inatokea. Lensi iliyochoka inatoa mlio wa tik-tik-tik, CD inazunguka na kusimama, inazunguka tena. Ikifunguka usiridhike. Subiri video ya hadithi katikati ya gemu, na sauti ikikatakata, rudisha mashine kaunta.

Namba tatu ni PS3 ndogo ya 2009. Ni mashine nzuri, ila wauzaji wanadanganya mchana kweupe kwamba itasoma CD zako za PS2. Haisomi. Zilizoweza ni zile kubwa za kwanza za 2006 na baadhi ya za 2007, na hizo ndizo zenye ugonjwa wa taa ya njano: taa inawaka njano na mashine inagoma. Fundi ataiamsha kwa kupasha bodi hewa moto, na itarudi kulekule. Kingine: bodi ya deki ya PS3 imefungwa na bodi kuu ya mashine hiyohiyo. Lensi unaweza kubadilisha, lakini ukihamisha deki nzima pamoja na bodi yake kutoka PS3 nyingine, magemu hayatafunguka. Anayekwambia "nitakupachikia deki ya ile pale" muulize bodi itabaki ipi.

Xbox 360 sitaiongelea sana. Zile za mwanzo zilikuwa na ugonjwa wa taa nyekundu, zinawaka nyekundu na kugoma, hadi Microsoft mwaka 2007 wakaongeza waranti kuwa miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja. Ukiipenda, chukua ya 2010 kuendelea.

Vile vigemu vya bei rahisi vya kuchomeka kwenye TV, vyenye "magemu mia sita", vinafaa kwa mtoto mdogo sana. Basi.

Kinachoniudhi ni bei. Mashine ileile iliyokaa kwenye rafu tangu Septemba inavalishwa ganda jipya linalong'aa, na shule zikifungwa inapanda bei, ilhali ndani lensi ni ileile. Ganda lisikuongezee hata shilingi. Na kabla ya kutoa hela, mwambie aandike kwenye risiti namba ya modeli na maneno haya: "inasoma CD na DVD, siku saba". Akikataa kuandika, nenda duka linalofuata.