Gitaa kavu la kununua ukiwa Dodoma: lipi litangulie, lipi lisubiri

Ukiingia duka la vyombo vya muziki kutafuta gitaa kavu, yaani lile linalosikika bila umeme, ukiwa hujui kupiga, muuzaji atateremsha gitaa linalong'aa kuliko yote ukutani, atapiga kodi (nyuzi kadhaa kwa mpigo mmoja) mbili tatu, na wewe utatoka na risiti. Kumbe ulichosikia ni mikono yake. Kwa hiyo nenda na mtu anayepiga, hata kijana wa kwaya tu, na mwambie apige magitaa yote wimbo uleule huku wewe umesimama mbele yake, siyo nyuma. Sauti ya gitaa inatoka kwa mbele.

Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni unakwambia ukimbilie gitaa ambalo ubao wake wa juu, ule wenye tundu, ni mbao nzima, siyo plaiwudi. Kwa sauti, ni kweli. Ila walioandika hayo hawaishi Dodoma. Mbao ya gitaa inatulia hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Sisi huku kwa mwaka wa kawaida mvua haifiki milimita 600, na kuanzia Mei hadi Novemba ni ukame, vumbi na upepo unaopasua midomo. Mbao nzima ikikaukiwa hivyo inasinyaa: ubao wa juu unabonyea, ncha za freti, vile vijichuma vilivyopangwa kukatiza shingo, zinachomoza pembeni na kukukwaruza vidole, na siku moja unakuta ufa. Plaiwudi, kwa kuwa tabaka zake zimebandikwa zikipishana, inavumilia zaidi. Ndiyo maana orodha yangu imegeuka kidogo.

Namba moja kwa anayeanza ni Yamaha F310. Ubao wake wa juu ni plaiwudi ya mti wa sprusi, umbo ni lile kubwa lililozoeleka, na nyuzi ni za chuma. Urefu wa uzi, kutoka kichwani hadi kwenye briji (kibao kilichobandikwa kwenye mwili, nyuzi zinakofungwa), ni milimita 634, wakati magitaa mengi ya ukubwa huo yanakaribia 650. Tofauti inaonekana ndogo, lakini uzi mfupi unakuwa laini kidogo chini ya kidole, na mwanafunzi anayeacha gitaa mwezi wa kwanza mara nyingi anaacha kwa maumivu ya vidole, siyo kwa kukosa kipaji. Tabu yake ni feki. "Orijino hili kaka, ona stika." Stika inachapishwa popote. Angalia kazi yenyewe: washa tochi ya simu ndani ya tundu uone kama gundi imemwagika ovyo, gusa kingo za freti, kagua kama rangi imepita mipaka pale shingo inapoungana na mwili. Yakiwepo mawili ya aina hiyohiyo, omba yote mawili. Hayafanani kamwe.

Namba mbili ni Yamaha C40, lenye nyuzi za nailoni. Kwa mtoto, au mtu mzima anayetaka kupiga taratibu sebuleni kwake, ningelitanguliza bila kusita, maana nailoni haikati vidole. Shingo yake ni pana, kama milimita 52 pale kichwani dhidi ya 43 za F310, hivyo nyuzi zina nafasi, ila kidole kifupi kitahangaika kwenye kodi za kulaza kidole kizima. Na usilipeleke kwenye kwaya ya watu arobaini bila maiki, halitasikika. Onyo moja: usikubali fundi akufungie nyuzi za chuma humo "ili lipige kelele". Seti ya chuma inavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Nailoni ni karibu 40. Briji itang'oka.

Tatu ni Yamaha FX310A, ambalo ni kama F310 iliyowekewa pikapu, yaani kinasa sauti cha ndani, na sehemu ya kuchomeka waya wa spika. Hili linunuliwe na mwenye kazi nalo, yaani anayepiga kanisani kila Jumapili au kwenye masherehe. Kama hujafika huko, unalipia waya. Ukilijaribu, lichomeke kwenye spika palepale dukani, zungusha kila kitufe usikie kama kinakwaruza, na fungua kijisanduku cha betri uone kama kuna kutu.

Nne, na hapa wapigaji wengine watanirukia, ni Yamaha FG800. Ubao wake wa juu ni sprusi nzima, na kwa sauti linayapita yote niliyotaja. Ukilipiga baada ya F310 utasikia besi ikijaa na uzi mmoja ukikaa muda mrefu zaidi hewani. Nimeliweka hapa kwa sababu linataka mlezi. Liwe na kesi ngumu, na kiangazi chote ndani ya kesi pawe na unyevu: sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa sana, ndani ya kisahani cha sabuni chenye mfuniko na matundu, kikae upande wa kichwa bila kugusa mbao. Ukijijua utalitundika ukutani mkabala na dirisha, rudi namba moja.

Mwisho kabisa ni yale madogo ya inchi 38, ya rangi rangi, yasiyo na jina la maana, yanayouzwa na begi, piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi) na mkanda kwa bei ya kuvutia. Mengi nyuzi zake zimekaa juu mno. Nunua tu kama limepita vipimo vyote hapa chini, na machache hupita.

Vipimo vyenyewe havihitaji uwe fundi. Lishike kama unalenga shabaha, tazama shingo kutoka kichwani kuelekea kwenye mwili. Isipinde pembeni wala kujipinda kama kamba. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya kumi na nne kwa pamoja: katikati pawe na upenyo mdogo sana. Pakiwa hakuna kabisa au pamekuwa na bonde, shingo inataka kurekebishwa. Kwenye freti ya kumi na mbili, uzi mnene usiinuke zaidi ya milimita 2.5 au 3. Kisha piga kila uzi kwenye kila freti, moja moja, usikilize panapoguna. Muuzaji atachoka, mwache achoke. Chukua karatasi ya risiti ujaribu kuipenyeza chini ya briji kwa nyuma. Ikiingia, rudisha gitaa. La mwisho, gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuukandamiza, halafu ukandamize palepale: sauti mbili ziwe sawa. Zikitofautiana, hata ulityuni mchana kutwa sauti haitakaa sawa ukipanda juu ya shingo.

Kuhusu mahali pa kununua, Kariakoo ya Dar es Salaam ina chaguo kubwa kuliko maduka yetu ya mjini, na tangu treni ya SGR ianze 2024, kwenda na kurudi siku moja kunawezekana. Lakini gitaa la Kariakoo limekaa kwenye unyevu wa Pwani. Ukifika nalo Dodoma mwezi wa nane, liache ndani ya begi siku kadhaa lizoee hewa, na usishangae likihitaji kutyuniwa kila saa. Mimi napendelea lile lililotundikwa dukani hapa Dodoma kiangazi kizima. Ukilikuta mwezi wa kumi shingo bado imenyooka na hakuna ufa, muulize muuzaji bei ya mwisho, na vumbi lililo juu yake litumie kuombea punguzo.