Farasi anavuka jimbo: cheti cha afya cha siku 30 au cha miezi 6?

Wafuga farasi wa Marekani hawaishi kubishana juu ya hili. Lisilo na ubishi ni kwamba vyeti vyote viwili vinataka daktari wa mifugo amkague farasi, na kipimo cha Coggins kiwe hasi. Kipimo hicho husaka virusi vya anemia ya farasi, ugonjwa unaoenezwa na pange, usio na chanjo wala tiba. Majimbo mengi hukubali kipimo cha ndani ya miezi 12, machache hutaka cha miezi 6. Angalia tarehe damu ilipotolewa, si ya majibu.

Kwa gharama, safari moja tu kwa mwaka haihitaji zaidi ya cheti cha siku 30. Anayezunguka mashindanoni kila mwezi atamwita daktari hadi achoke; huyo cha miezi 6 kinamwokolea pesa.

Ila cha siku 30 hupokelewa karibu kila mahali, na cha miezi 6 ni kwa majimbo yaliyojiunga na mpango wa cheti hicho tu. Tena, ukiwa na hicho cha miezi 6, kila safari unaingia mtandaoni kutoa kibali kipya cha safari. Hebu fikiria: saa kumi alfajiri, trela imefungwa, farasi anapiga kwato ndani, nawe umesahau nenosiri!

Ukizuka mlipuko wa hepesi ya farasi, ugonjwa wa virusi unaoambukiza, jimbo unaloelekea linaweza kudai cheti kipya kabisa, chochote ulicho nacho. Wapigie simu maofisa wa mifugo wa jimbo hilo kabla hujapakia.