Usaili wa ubaoni au kazi ya kufanyia nyumbani?

Ubaoni, anayeomba kazi ya kuandika programu za kompyuta hushika kalamu huku wasaili wakimkodolea macho, na anatakiwa kueleza kila anachowaza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft waliwapima wanafunzi 48: waliotazamwa walifanya kwa chini ya nusu ya ufanisi wa wenzao waliofanya peke yao chumbani. Kinachopimwa hapo ni woga zaidi ya ujuzi, na inaniuma kuona waandishi hodari wa programu wakikosa kazi hivyo.

Nyumbani mtu ana kompyuta yake, nyaraka na utulivu. Ila kazi hiyo ya nyumbani ikimla wikendi nzima bure, mama anayenyonyesha ataifanya saa ngapi? Nachagua hii, mradi iwe ya saa mbili na ilipwe.